Simu Niliyoizima Mlangoni mwa Pango

Sidemen, siku ya sita tangu Baba aondoke

Dada yangu mpenzi Luh Sukerti,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nagoya, na kile kikohozi kimepungua. Mama hajambo, ila hali chakula mpaka asimamiwe. Mimi mwili hauna neno. Usingizi ndio umenikataa.

Juzi uliniuliza kama Baba aliacha neno lolote, nikakujibu upesi kwamba hakuacha. Tangu hapo sina raha, ndiyo maana naandika.

Asubuhi ile nilikuwa na wageni wa likizo, Bwana na Bibi Verhoef, wazee wa Kiholanzi, waliotaka kuona hekalu la pangoni la Goa Gajah. Nilikubali kwa sababu zangu mwenyewe. Baba alikuwa hamezi tena hata uji, nami nilitaka kumwombea mle pangoni na kumletea maji matakatifu.

Tukiwa tunashuka ngazi, simu ikaanza kutetemeka ndani ya msuli wangu. Alikuwa Mama. Ikakatika, ikaanza tena. Bibi Verhoef akanitania, eti nimefuga nyuki kiunoni? Nikacheka naye. Unamjua Mama, hapigi simu mtu akiwa kazini. Nikajua ni msiba tu. Na mwenye msiba haingii hekaluni, wala kuhani hampi maji. Basi nikajiambia kwamba nisipopokea, sina msiba. Baba yu hai mpaka mtu aniambie vingine. Ilipolia mara ya tatu, tukiwa chini ya lile domo la jiwe lililochongwa mlangoni mwa pango, nikaizima.

Mle ndani sijui nilisema nini. Bwana Verhoef aliuliza pango lilichongwa lini, nikamtajia mwaka wangu wa kuzaliwa. Walicheka mpaka wakakohoa kwa moshi wa ubani. Mimi nilipiga magoti mbele ya sanamu ya mungu Ganesha, nikaomba haraka haraka, kama mtu anayefukuzwa. Kuhani akanijazia chupa. Nikapanda ngazi mbio, wageni nimewaacha nyuma, nikaiwasha simu.

Mama alipokea akilia. Baba alikuwa amekata roho dakika kumi tu zilizopita.

Sasa sikiliza, Dada, hili sijamwambia mtu. Zile simu hazikuwa za msiba, Mama ndiye aliyenieleza. Alikuwa Baba mwenyewe. Alizinduka, akili timamu, akataka kuongea na mimi. Mama alimshikia simu sikioni mara zote tatu. Mwishoni Baba akasema, mwacheni Kadek, ana kazi. Hayo ndiyo maneno aliyoacha.

Mama aliponiuliza, nilimwambia pangoni hakuna mtandao. Ameamini, maskini. Kila anayekuja kutupa pole anaambiwa kwamba nilikuwa nikimwombea baba yangu, nao wananishika mkono na kunisifu mtoto mwema. Natamani ardhi inimeze. Chupa ya maji iko juu ya kabati, hakuna aliyeigusa.

Nimwambie Mama, au ninyamaze? Wewe ndiye mkubwa wetu, niamulie. Naogopa nikikaa nalo litanila, na nikilisema litamla yeye.

Mama anakusalimu, na majirani wote. Jifunike vizuri na baridi ya huko. Ukimaliza kusoma, nipigie. Hata kama una hasira, hata kama ni kunitukana tu, piga. Nitapokea mlio wa kwanza.

Mimi mdogo wako,
Kadek Artawan