Mke Wangu Alinitoa Ziwani, Nikasema Mimi Ndiye Niliyemtoa

Mpendwa Shangazi Nusura, naomba msaada wako, na naomba usinicheke, kwa sababu jambo lenyewe nikilieleza haraka litaonekana mchezo, na kweli lilianza kama mchezo.

Mimi ni mwanamume wa Kibuli, nimeshavuka arobaini na tano, nina duka la rangi na mabati, nina mke anayeitwa Shifa na watoto ambao wakubwa wao wako chuoni, na zamani, Shangazi, nilikuwa winga wa mpira, tena winga wa kutegemewa, watu wa rika langu hapa mlimani watakwambia, lakini duka ni kukaa, na kukaa ni chai na sambusa, mpaka mwaka jana nikawa nikipanda mlima kwenda swala ya Ijumaa nasimama katikati ya njia, natoa simu, naiweka sikioni na kujifanya naongea na mteja, ili wanaonipita wasijue kwamba nimeishiwa pumzi.

Ndipo kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja mtu mmoja akatuma tangazo la mashindano ya michezo mitatu, ile triathloni ndefu, unaogelea ziwani, unatoka unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, yote siku moja, na akauliza nani kati yetu bado ni mwanamume, nami kabla ya kufikiri nikaandika, "Mimi nipo," wakacheka sana, na kwa sababu walicheka nikajiandikisha.

Shifa hakucheka. Aliniuliza tu, "Na ukianguka njiani, nani atajua?" akajiandikisha na yeye, eti anisindikize, akatafuta vazi la kuogelea la kumfunika kuanzia kichwani mpaka vifundoni, tukaanza kwenda bwawani kwa kocha mmoja anaitwa Ocen, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Sasa mimi kuogelea nilijua tangu utoto, kwa hiyo Ocen akieleza mambo ya kupumua mimi nilikuwa nimeshatangulia, Shifa ndiye aliyekuwa akimsikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza, ameshika ukingo wa bwawa anapuliza mapovu, nami namwonea huruma. Sijui ilikuwaje. Ilipita miezi michache tu akawa anakwenda huku na huku bila kusimama, na kwenye baiskeli tukitoka Ggaba kurudi nyumbani mimi nashuka kusukuma, yeye yuko juu ya kilima ananisubiri, hahemi, na vijana wa boda boda wanamwita bingwa nikiwa nasikia.

Siku ya tukio tulikwenda ziwani asubuhi, si mbali na Ggaba, Ocen yuko ndani ya mtumbwi pembeni yetu, akatuambia tusiuache mtumbwi, lakini nilikuwa nimechoka kuwa nyuma, nikakata maji kwenda mbele, nikaenda vizuri kabisa, kisha boti la samaki likapita na wimbi lake likanijaa mdomoni, nikatafuta pumzi sikuipata, nikatafuta chini kwa miguu, hakuna chini, na kuanzia hapo, Shangazi, sina akili ninayoikumbuka, nakumbuka mikono yangu tu. Nilimsikia Shifa. Alisema, "Usinishike shingo. Lala chali, tazama juu, nishike bega," kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mtoto avae soksi, akanivuta mpaka mtumbwini, Ocen akanipandisha, nikatapika, naye akaniambia, "Mzee, leo ni mama amekutoa kwa maji. Mimi ningefika nimechelewa."

Mtu wa Ggaba alikuwa ameshampigia simu Umar, kaka mkubwa wa Shifa, anayekaa Kyebando na mama yao, kwamba kati yetu sisi wawili kuna aliyekaribia kuzama, tukafika nyumbani tukamkuta mlangoni, midomo imemkauka, akauliza, "Ni nani?" na mimi, wallahi, bila kupanga, nikamjibu, "Ni Shifa. Lakini nilimwahi."

Shifa alinitazama, akapita, akaenda kuweka chai. Umar alinikumbatia mpaka nikasikia moyo wake unavyopiga. Ijumaa watu walinipa mkono msikitini, kwenye kundi wananiita Kamanda, na mama mkwe alimwita Shifa Kyebando, akalia mbele yake, akamwambia kuanzia leo maji ni haramu kwake mpaka amzike yeye mama yake kwanza, na Shifa akajibu, "Nimesikia, mama." Hakunisema. Nyumbani hatugombani, chakula kinapikwa, salamu zinajibiwa, ila siku moja nilipomwambia tusahau yaliyopita alisema, "Ungesema umechanganyikiwa ningekuelewa. Ulinitazama machoni ndipo ukasema. Nakungoja uliseme mwenyewe, mimi sitakuumbua kwa kaka yangu." Na baiskeli yake ameiosha, ameipaka mafuta, ameiegemeza ukutani, kila ninapopita naiona.

Shangazi, mashindano yamekaribia. Nifanyeje ili Shifa akubali tu kuwaridhisha wazee wake aache, yeye ni mama wa watoto, mambo yatulie, nami niende peke yangu kwa kuwa watu wananingoja? Ingawa sitakuficha, tangu siku ile hata nikinawa uso naona maji yananifuata.

Sufian, Kibuli

SHANGAZI NUSURA ANAJIBU

Sufian, nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapomshukuru mkeo. Sikupaona. Nimeona winga, nimeona wimbi, nimeona boti la samaki, nimeona mpaka vijana wa boda boda, lakini yule aliyekuvuta mzimamzima na tumbo lako la sambusa mpaka mtumbwini hakupata hata neno moja, na sasa unaniomba nikusaidie kumfungia nyumbani. Umekosea mlango, baba.

Tusidanganyane kuhusu ulimi. Ulimi unateleza mtu akitaka kusema Jumatatu akasema Jumanne. Wewe uliulizwa swali na mtu aliyekauka midomo kwa hofu ya dada yake, ukamjibu kwamba ni dada yake, kisha ukajiongezea sifa juu. Ukakumbatiwa. Ukatulia kwenye kumbatio hilo ukihesabu mapigo ya moyo wa watu. Ukaenda msikitini ukanyoosha mkono upewe. Mama mzima amelia machozi kwa msiba ambao haukuwa wa mwanawe, na wewe ulikuwa unasoma kwenye simu kwamba umekuwa Kamanda. Kamanda wa nini? Kwenye maji ulikuwa abiria.

Na hili la "yeye ni mama wa watoto" usiniletee. Alikuwa mama wa watoto alipokuwa anapuliza mapovu ukimwonea huruma. Alikuwa mama wa watoto alipokuwa anakungoja juu ya kilima. Umama wake umeugundua siku aliyokuzidi. Hukusumbuliwa na mwanamke kuingia majini, Sufian, umesumbuliwa na mwanamke kutoka majini akiwa amekubeba.

Kuna sentensi moja tu katika barua yako iliyonifanya nikuonee huruma, nayo ni ile ya kunawa uso. Hiyo ni kweli, na haina aibu. Mtu aliyekosa pumzi ziwani huogopa maji, awe winga au awe mvuvi. Kuishiwa pumzi mlimani nako hakuna aibu, mwili uliokaa kwenye kiti miaka yote hiyo hauwezi kurudi kwa hamu ya miezi michache. Ungeyasema haya mawili waziwazi ungekuwa mwanamume ninayeweza kumheshimu. Wewe kila ukiona udogo wako unautafutia nguo ya kuuvika. Mlimani uliuvika simu. Mlangoni kwako uliuvika jina la mkeo.

Sasa, kwa kuwa mashindano yako karibu, sikungoja gazeti. Nilikutumia jibu fupi kwa simu: nenda Kyebando pamoja na Shifa, kaa mbele ya mama yake na kaka yake, useme, "Mimi ndiye niliyekuwa nazama, na Shifa ndiye aliyenitoa." Nikakuambia usiongeze wimbi, usiongeze boti, usipeleke kilo ya nyama ya kulainisha mazungumzo.

Wasomaji wangu watapenda kujua Sufian alifanya nini, nami nitawaambia, kwa sababu alinijibu mwenyewe kwa fahari. Alimwita Umar peke yake, akamkalisha ndani ya gari, vioo vimepandishwa, akamwambia ukweli, kisha akamwomba abaki nao. Eti wayamalize kiume.

Umar, Mungu amzidishie, aliuliza swali moja tu: "Na ulimwacha mama yangu alie?" Akashuka kwenye gari, akapanda boda boda, akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Mama akampigia Shifa simu. Akamwuliza, "Kwa nini ulininyamazia, mwanangu?" Shifa akasema, "Nilikuwa namsubiri aseme yeye." Na Sufian anasema yule mama, ambaye maisha yake yote hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti, alimwuliza binti yake mashindano yenyewe yanaanza saa ngapi, maana anataka kuja kutazama.

Basi Jumamosi Shifa alirudi ziwani na kocha Ocen. Hakukuomba ruhusa, Sufian, na hilo ndilo linalokuuma kwenye ujumbe wako wa pili. Unalalamika kwamba ametoka bila kukuamsha. Angekuamsha ili iweje? Uliwapa watu wake sababu ya kumfungia njia, sasa wamemfungulia, amepita. Unaniambia pia amekuandalia chai akaifunika kabla ya kuondoka. Ningekuwa mimi, ungekuta birika tupu. Kwa hiyo usinililie kwamba nyumba yako inavunjika. Nyumba yako imesimama kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo si wewe.

Unaniuliza sasa kuhusu lile kundi la simu. Andika kwa kidole chako, leo, maneno yaleyale uliyomwambia Umar, na usiweke vile vikaragosi vya kucheka mwishoni ili ionekane ulikuwa utani. Watakucheka. Waache wacheke, safari hii watakuwa wanacheka jambo la kweli. Wakikuita jina jipya, liitikie.

Kwa mkeo usiende na hotuba. Mwambie ulisema uongo ukimtazama, na kwamba unajua ulichokuwa unafanya. Kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka. Akitaka kukuambia mambo, sikiliza mpaka amalize, na usimkumbushe kwamba ulishakwenda kwa Umar. Ulikwenda nusu, na nusu ya pili ilibebwa na Umar kwenye boda boda.

Kwa mwili wako, nenda hospitali wakupime moyo na presha kabla hujagusa tena baiskeli, hili silisemi kwa kejeli. Wakikuruhusu, rudi kwa Ocen, sehemu ya bwawa yenye maji ya kiunoni, ushike ukingo na wewe upulize mapovu, mpaka yeye aseme inatosha. Mwaka huu ziwani hushindani. Nakukataza, na namwomba Ocen asome gazeti hili akukataze.

Lakini siku ya mashindano utakwenda. Utaamka kabla yake, utaibeba ile baiskeli mpaka mahali wanapoziweka, utampeleka mama mkwe kwenye kivuli na kumtafutia kiti. Shifa akiingia majini utasimama ukingoni na taulo lake mkononi, mbele ya watu wote wa Kibuli waliokuja kumwona Kamanda. Na mtu akikusogelea akakuuliza mbona wewe uko nje, usitoe simu. Mjibu kwamba kuogelea bado unajifunza.