Makofi ya Adelina, Mwaloni Kabwe

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya asubuhi redioni. Baridi, koo limekauka. Nimesoma bei ya mahindi, tangazo la mnada, vifo viwili. Kisha simu kutoka wilayani. Mitumbwi inavuka ziwa kutoka Kongo, watu wanakimbia vita. Watu wa Kabwe, mwaloni inakotua mitumbwi hiyo, wameshaambizana kwamba ndani wamo wapiganaji, na vijana wao wameapa hakuna atakayeshuka. Anatakiwa mtu wa kushika kipaza sauti aseme na pande zote mbili. Wameniomba mimi. Nimemtaja Adelina badala yangu.

Mimi najua kusoma matangazo. Watu wenye hofu siwawezi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemfuata Adelina mtaani kwake, Chanji. Tulitangaza pamoja miaka mingi, hadi meneja akamtoa, eti sauti yake inalaza wasikilizaji. Sasa ana genge la maharage. Amenisikiliza huku anapepeta. Akauliza nani atamsikiliza muuza maharage. Akacheka peke yake, kisha akamwomba jirani amwangalizie genge.

Afisa wa wilaya aliyenipigia simu hakumpenda. Kaniambia mambo yakiharibika nitajibu mimi. Nimeitikia kishujaa.

Jumatano, 5 Machi
Tumeteremka hadi ziwani. Joto la huku si letu. Adelina kasinzia njia nzima. Hajaandika hata neno moja la kusema kesho. Nimemkasirikia kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Lazima niandike kabla sijalala.

Mitumbwi mitatu ilisimama karibu na ufuko, imejaa akina mama na watoto. Vijana wetu walijipanga majini hadi magotini, na mapanga. Afisa akatangulia kusema. Akafoka kuhusu utaratibu. Vijana wakasogea mbele zaidi. Ndipo Adelina akapewa kipaza sauti.

Akakiweka chini mchangani.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikadhani maneno yamemkimbia. Yeye akachuchumaa, akaielekea mitumbwi, akapiga makofi ya salamu, yale ya kwetu Ufipa, polepole, viganja vimekunjwa kidogo. Bibi mmoja kwenye mtumbwi akaitikia kwa makofi. Kisha wengine.

Akageuka, bado amechuchumaa, akawapigia vijana wetu.

Salamu hiyo haiachwi bila jibu. Mtoto wa huku hufundishwa kabla hajajua kusema. Wazee nyuma waliitikia kwanza. Vijana wakatazamana. Na makofi hayapigwi na panga mkononi. Mmoja akalitupa lake ufukoni, akachuchumaa palepale majini. Halafu wa pili. Halafu sikuweza tena kuwatazama, machozi yalinizidi.

Ndipo akaokota kipaza sauti. Sauti ileile ya kulaza watu.

"Tumeshasalimiana. Mgeni uliyemsalimia humwachi majini."

Basi. Hakuongeza neno. Vijana walewale wakaivuta mitumbwi.

Nimefanya kazi ya kusema maisha yangu yote. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Naogopa kidogo, ile hofu ya kanisani.

Jumapili, 9 Machi
Tumerudi mjini. Kabwe kumetulia. Upepo mtaani kwangu Izia, nguo zimekauka mapema. Afisa anamtaka Adelina kwenye mialo mingine. Amekubali, ila auze kwanza gunia lililofunguliwa.

Jioni nimepita gengeni kwake. Mimi ni mkubwa wake kwa umri, na salamu hii huanzwa na mdogo, kwa hiyo siku zote yeye ndiye huanza. Leo nimechuchumaa mimi, nikampigia makofi mbele ya wateja. Akanitazama kidogo. Akaweka ungo chini, mikono iwe mitupu, akaniitikia.