Kiti cha Baiskeli Kimeshushwa

Kwako shemeji,

Hatujambo kiasi. Mtoto ameota meno ya mbele, na fundi bomba tuliyemngoja mpaka tukachoka amekuja. Kaka yako amefunga usukani mpya kwenye baiskeli yake ya mashindano, ule wa kulalia viwiko, na magurudumu mepesi. Kazi anaifanya sebuleni akiwa amekaa kwa sababu pumzi inamkatikia, nami namshikia baiskeli.

Jana aliniambia nishushe kiti. Nikashusha. "Bado, shusha tena."

"Mwenzangu, hapo magoti yatakugonga kidevu."

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Sipandi mimi. Mdogo wangu ana miguu ya bata."

Nikabaki na spana mkononi. Daktari alishatuambia mapafu hayatapona, lakini mwenyewe hakuwahi kulitamka hilo humu ndani.

Amekuandikisha wewe kwenye mashindano badala yake: kuogelea, baiskeli na kukimbia. Anasema kimo chako anakikumbuka, ila usukani lazima uujaribu mwenyewe, yeye akikutazama. Njoo wiki hii, shemeji. Usingoje siku ya mashindano.

Ni mimi,
mke wa kaka yako