Transista Nilizozitenganisha

Fundi wangu, Mzee Shomari,

Shikamoo. Nimeiandika kisha nikatulia, kama nilivyokuwa nikifanya mlangoni kwako, nikingoja ile marahaba yako iliyotoka kabla hujainua kichwa.

Nina jambo la kukiri. Nimelizunguka miezi mitatu.

Wiki tuliyokuzika nilifungua duka peke yangu. Sikujua niende wapi kwingine. Jirani yetu muuza sabufa alizima muziki siku tatu kwa heshima yako, siku ya nne akafidia zote. Nilikaa kwenye stuli yako, nikaiona droo ya transista, nikaamua kuipanga. Unanijua. Nikiumia napanga vitu.

Zilikuwa mbilimbili, miguu imesokotwa pamoja, kila moja na mwenzake wa namba nyingine. Nilidhani ni uovyo wako wa kawaida, kama vikombe vya chai juu ya mita ya kupimia. Nikazisokotoa zote. Nikazinyoosha miguu kwa koleo, nikazitenga, kila namba na kopo lake la maziwa, na lebo kwa mwandiko mzuri. Nilipomaliza nilijisikia nimekufanyia kitu.

Miaka minne chuoni, Fundi, na sikujiuliza kwa nini mtu asokote miguu ya transista.

Nimekuja kujua nilipoifungua amplifaya ya Bi Mwanaidi. Ile uliyomwahidi mkeo masikio yake yalipoanza kufifia, kwamba utamtengenezea redio inayotamka maneno. "Siyo ya kelele," ulisema. "Kelele hapa Kariakoo hata kiziwi anazipata." Transista nne tu. Nilikubishia, nikakuchorea yangu ya transista kumi na moja, inayojisahihisha yenyewe. Ukaitazama, ukasema, "Injinia, kosa umelificha, hujalitoa." Ulitaka zile mbili za mwisho zifanane tangu mwanzo: moja inaisukuma spika mbele, nyingine inaivuta nyuma, nguvu zao sawa, sauti isipinde. Nafasi zao mbili nilizikuta wazi. Zenyewe zilikuwa kwenye droo, zimesokotwa kama alama kwamba zimepatana, zinaningoja, nami nilikuwa nimeshazitenga.

Siku moja nilikukuta umezifumba mbili kiganjani, unazipasha joto, unapima, unapasha tena. Nikauliza mbona huandiki. Ukasema, "Niandike ya nini, wewe si upo?"

Nilikuwepo. Nilikuwa natazama simu.

Nimejaribu, Fundi. Nimezipanga upya kwa mita, mbili kwa mbili. Zikiwa baridi zinakubaliana, zikipata joto zinaachana. Nimeipeleka amplifaya chuoni nikaliona wimbi lake kwenye kioo cha mashine: tumbo la juu limejaa, la chini limebonyea. Mtangazaji akipaza sauti, huisikii kasoro. Akiishusha, mwisho wa neno unakwaruza. Fundi Masudi wa duka la pili ananicheka: "Weka aisii moja hapo, dada, ifanye kazi ya zote, umalize. Bibi wa watu atajua nini?"

Huenda asijue. Hilo ndilo linalonitesa.

Bi Mwanaidi yuko eda, hapo nyumbani Buguruni. Rafiki zako wanaume hawaingii, kwa hiyo ni mimi ninayekwenda kila Ijumaa, na kila Ijumaa ananiuliza kabla sijavua viatu, "Imeongea?" Nami najibu, "Bado kidogo, Bibi." Ijumaa iliyopita nilishindwa kulisema tena. Nikaipeleka ilivyo, na zile mbili zisizopatana ndani yake.

Nikaiunga kwenye redio. Yalikuwa matangazo ya vifo. Msomaji alikuwa anasoma taratibu, jina, mji, watoto walioachwa. Bi Mwanaidi akaweka kiganja juu ya spika, akafumba macho. Mimi nilikuwa nausikia mkwaruzo wangu mwisho wa kila jina. Yakaisha. Akasema, "Shomari hakuniongopea. Namsikia huyu baba mpaka anavyovuta pumzi."

Fundi, haikuwa pumzi.

Ilikuwa mimi. Ilikuwa droo ile. Nami nikajibu, "Ndiyo, Bibi," nikanywa chai yake, nikaondoka. Tangu siku hiyo anawaambia majirani kwamba kazi yako ya mwisho inavuta pumzi. Nimekuvunjia kazi, kisha nimeiacha ikusemee uongo.

Kesho ni Ijumaa. Nitamwambia. Sijui nitaanzaje, na sijui nikishamwondolea ile pumzi nitambakishia nini. Nitabeba makopo yote. Asiponifukuza nitayamwaga mkekani pake, nimwombe azipashe yeye kwa viganja vyake, moja moja, mimi nipime. Siku anazo, mikono anayo. Huenda zile mbili zako tusizipate kamwe. Kopo moja lilishanimwagikia, zikachanganyika na mpya za dukani, na macho yangu hayazitambui. Lakini nakuahidi hivi: tutakazoona zimepatana, nitazisokota miguu palepale, na nitaandika kila nilichofanya, hata kama hakuna atakayesoma.

Mungu akupe nuru huko uliko. Nimeingoja marahaba yako tangu mstari wa kwanza. Sasa naingia hivyohivyo.

Injinia wako