Kumfundisha Baba Mkwe Kunyoa

Ijumaa. Chang'ombe leo joto la kunata, feni ya saluni imezunguka bila kupoza kitu. Nimefunga mapema. Nina hasira na sijui niitue wapi, kwa hiyo naileta hapa.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba mimi ni kinyozi, mwanamke, na kwamba saluni yangu hupokea wanafunzi. Wasichojua ni kwamba mwanafunzi wangu wa sasa ni baba mkwe.

Ndiyo. Baba mzazi wa mume wangu.

Mzee alikuwa mchonga vinyago tangu ujana wake, kuanzia kwao Newala hadi hapa mjini. Kisha akaweka patasi chini, akasema mpingo haupatikani na wageni hawanunui. Tukaamini. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nyingi hayupo nyumbani. Akaamua baba ajifunze kunyoa kwangu, halafu arudi Newala afungue saluni yake. Mimi niliulizwa mwishoni, kwa simu, kwa sauti ya mtu ambaye ameshajibiwa.

Ningesema nini? Kumkatalia baba mkwe ni jambo la kusemwa ukoo mzima.

Shida ni kwamba kunyoa hakufundishwi kwa maneno. Mwanafunzi akishazoea kufagia, kuosha taulo na kupangusa mashine kwa spiriti, namsimamisha nyuma ya kiti, naweka mkono wangu juu ya mkono wake, tunanyoa pamoja. Uzito wa mashine hausemeki, unashikwa. Vijana wote waliopita kwangu nimewashika hivyo, na wakikosea nawakemea papo hapo. Kichwa ni cha mteja, lakini jukumu ni langu. Mteja haji kwa mwanafunzi, anakuja kwangu. Nikimwacha mtu ashike mashine mbele yake, nimeshamwambia kwamba huyu namwamini.

Sasa baba mkwe nitamshika mkono vipi? Sijawahi hata kukaa naye kochi moja. Nikimwamkia nainama. Chakula nampelekea kwa mikono miwili, kisha naondoka. Kwa hiyo saluni nasimama pembeni na kufundisha kwa adabu: "Samahani baba, kama hutajali, labda mkono ungelala kidogo." Nikifika kwenye neno lenye maana, mashine imeshapita.

Leo adabu yangu imemwangukia Ami Nassor.

Ami ana duka la mchele ng'ambo ya barabara, na kila Ijumaa kabla ya msikiti huja kupunguziwa ndevu. Ndevu nyeupe, nzuri, zinagusa kifungo cha kwanza cha kanzu. Mimi nilikuwa katikati ya kumnyoa mteja mwingine, na Ami kwa uungwana wake akasema basi mzee amhudumie. Nikamwona baba anawasha mashine, na kile kitana cha plastiki kinachozuia meno yasifike kwenye ngozi bado kipo mezani. Hakukivalisha. Nikaanza, "Samahani baba, naomba kama..."

Shavu zima likabaki ngozi tupu. Na alama nyekundu juu yake, maana baba hukandamiza sana.

Ami akajitazama kwenye kioo, halafu akanitazama mimi humo humo kiooni. "Mama Salma, si ulikuwa unaona? Mbona hukumzuia?"

"Kosa langu, Ami," nikasema. Baba alikuwa amesimama pale na mashine bado inaunguruma mkononi. Nikaichukua, nikamaliza kuzinyoa zote mwenyewe. Ami akaenda msikitini ameshika kidevu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

Wateja walipoisha nilikuwa nafagia zile ndevu baba akaja kusimama karibu na kiti.

"Wale vijana wako ulikuwa unawashika mkono," akasema. "Niliwaona nilipokuwa nakuja kunyolewa. Mie hunishiki."

"Baba, nitakushikaje?"

Akachukua mashine, akatandika taulo safi juu ya mkono wake, akageuza uso kuelekea mlangoni. "Shika hapo."

Nikashika. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini mkono chini ya taulo ulikuwa unatetemeka. Siyo woga. Lilikuwa tetemeko la ndani lisilokoma, na kila alipotaka kulituliza alikaza vidole na kukandamiza. Hapo ndipo nilipojua zile alama nyekundu zinatoka wapi. Nikajua pia kwamba mpingo haukuwahi kuadimika.

Nikaachia taulo. Wiki zote hizi nimekuwa nikijiambia kwamba tatizo ni adabu, kwamba ningeweza kumshika angejua. Nimemshika. Kwa haki ya kila atakayekaa kwenye kiti, huyu siwezi kumwambia ameiva, si kwa Chang'ombe, si kwa Newala.

Nikamwambia twende hospitali. Akasema tutaona.

"Mwanangu kashanunua mashine mbili," akaongeza taratibu. "Usimwambie habari ya mkono, mama. Wewe sema tu sijaiva."

"Hadi lini, baba?"

Alikunja lile taulo vizuri, kona kwa kona, akalirudisha kwenye rafu.

Jioni mume wangu akapiga simu tukiwa sebuleni. Yeye akiongea nyumba nzima inasikia.

"Baba vipi, kaiva?"

"Bado."

"Bado nini tena? Unambania baba yangu. Au unaogopa atakupita?"

Nikamtazama baba kwenye kochi lake. Alikuwa anaangalia televisheni, mkono wa kulia ameukalia.

"Bado," nikarudia.

Simu ikakatwa. Nimebanwa kila upande. Nikisema ukweli namvua nguo mzee wa watu mbele ya mwanawe. Nikinyamaza, mimi ndiye mke mwenye roho mbaya, na najua maneno hayo yatafika Newala kabla yangu. Natamani kulia, lakini baba yupo chumba cha pili na atasikia.

Asubuhi nitainama nimwamkie, tutafungua saluni pamoja, na nitampa ufagio. Mume wangu atapiga tena.

Nitasema bado.