Kadi Niliyompa Baba wa Ubatizo

Jumatano, 18 Juni 2025
Beno kaja jioni na kambale wawili kutoka Mofu. Nikajua ana jambo! Anasema wateja wake wa mchele wa Dar wanataka kulipa benki, na akaunti yake imefungwa. Eti nimwazime kadi yangu ya benki, wiki mbili tu. Nilisita. Lakini huyu ndiye aliyemsimamia mwanangu Lukelo ubatizo. Mtu kama huyo unamnyimaje? Nikampa, na namba ya siri pia — mwaka aliozaliwa Lukelo. Akacheka, eti hiyo hawezi kuisahau.

Alhamisi, 3 Julai
Meseji za benki haziishi. Pesa imeingia, pesa imetoka. Majina ya watu nisiowajua. Nikampigia Beno. Kasema nisiwe na wasi, msimu wa mavuno ndivyo ulivyo. Haya. Mashine za kukoboa hapa Kibaoni kweli hazilali.

Jumanne, 8 Julai
Nimeitwa polisi. Nilidhani wanataka kuniuliza habari za mtu. Kumbe mtuhumiwa ni mimi! Watu wameona tangazo la mchele wa Ifakara kwenye simu, wamelipa, hawajaona hata punje. Jina la akaunti: Eveline. Mimi. Nikalia, nikasema kadi nilimwazima mtu. Nani? Sikumtaja. Mjinga mimi! Afande kasema akaunti ni yangu, wa kwanza kujibu ni mimi, na kugawa kadi na namba ya siri si utetezi, ni kujiongezea makosa. Mume wangu Donati kanidhamini.

Simu ya Beno haipatikani.

Ijumaa, 11 Julai
Nimemtaja. Afande kanipa namba yake: ukimwona tu, piga. Akitoroka, kesi nabaki nayo peke yangu.

Donati kanuna. Jumapili Lukelo anapata Kipaimara, na msimamizi ni Beno huyo huyo. Ananiuliza mtoto atasimama na nani mbele ya Askofu. Nikamuuliza, na mimi nikifungwa atabaki na nani? Kasukuma sahani. Ugali umelala.

Jumapili, 13 Julai
Naandika haraka, mlango nimeufunga. Beno kaja! Shati limepigwa pasi, rozari mpya ya Lukelo mkononi. Eti alikuwa Uchindile, mtandao shida. Hajui kama niliitwa polisi wala kama yeye anatafutwa. Kanirudishia kadi mbele ya mtoto — asante sana, Mama Lukelo. Mwongo mkubwa! Au naye kuna waliomtuma? Sijui. Nina hasira, nina huruma, vyote kwa pamoja.

Namba ya afande iko hapa kwenye simu. Bado kubonyeza tu.

Lukelo anagonga. Keshavaa suti yake, furaha imemzidi. "Mama, toka na simu! Utupige picha, mimi na baba wa ubatizo!"