Barua ya Mama kwa Mkuu wa Uwanja

Dina, mama yangu atanimaliza.

Wiki tatu natafuta uwanja mwepesi wa kubadilishia ndege, mama aende Ujerumani kwa mdogo wangu Klara. Nikachagua Addis. Kuna kiti cha magurudumu na mtu wa kumsukuma hadi ndege ya pili.

Anasema hashukii ugenini bila barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Ya mjumbe, Dina. Eti enzi za Ujamaa hata kwenda Tanga ulibeba barua.

Leo kaja nayo, ina muhuri. “Kwa Mkuu wa Uwanja, Addis.”

Nikacheka. Kisha nikasoma mwisho: “Akisumbuka hata kidogo, arudishwe kijijini kwake Lukozi.”

Nimempigia mjumbe, anasema mama ndiye aliyetaka iandikwe hivyo.

Na tiketi nimeshakata. Kama anataka kwenda, sikuwahi kumuuliza.